Jaji Leonard Sand na kesi ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ikikaribia Agosti 7, maswali yale yale hurudi. Nani alisikiliza kesi ya waliolipua balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam siku hiyo mwaka 1998? Mbona ilipelekwa New York? Mbona hakuna aliyenyongwa? Majibu mengi yanapatikana ukifuatilia maisha na kazi ya jaji mmoja, Leonard B. Sand. Hakuwahi kuwa mtu wa magazeti huku kwetu, ingawa kwao aligombana na mji mzima mpaka taifa likasimama kutazama. Ugomvi huo tumeuweka humu pia, maana ndio unaoonyesha alikuwa jaji wa namna gani kabla faili la Nairobi halijatua mezani kwake.

Leonard Sand alikuwa nani hasa?

Jaji wa mahakama ya shirikisho ya New York Kusini, yenye makao yake Manhattan. Alizaliwa Mei 24, 1928 katika mtaa wa Bronx, akafariki Desemba 2016 akiwa na miaka 88. Aliingia kwenye ujaji mwaka 1978, na mwaka 2001 ndiye aliyeketi kitini katika kesi ya kwanza ya mabomu ya Agosti 7.

Alisoma wapi, na alifanya nini kabla ya ujaji?

Shahada ya kwanza aliipata Chuo Kikuu cha New York mwaka 1947, akiwa kijana wa miaka 19, kisha akasomea sheria Harvard na kumaliza 1951. Baada ya hapo alipanda ngazi ambazo mawakili wengi wa Marekani huziota: msaidizi wa jaji, mwendesha mashtaka wa serikali hapo hapo Manhattan, halafu ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali kule Washington, ile inayoiwakilisha serikali mbele ya Mahakama ya Juu. Kuanzia 1959 alirudi New York akawa wakili wa kujitegemea kwa karibu miaka 20.

Hapo kwenye "msaidizi wa jaji" inafaa kusimama kidogo. Jaji aliyemfanyia kazi alikuwa Irving Kaufman, aliyewahukumu kifo mume na mke wa familia ya Rosenberg mwaka 1951 kwa kupeleka siri za bomu la atomiki Urusi. Sand alikuwa ofisini mwa Kaufman mwaka 1952 na 1953, wakati rufaa za mwisho za kesi hiyo zikipigwa huku na huko. Wawili hao waliuawa kwenye kiti cha umeme Juni 1953. Kijana aliyeona kwa karibu jinsi hukumu ya kifo inavyomwandama jaji aliyeitoa alikuja kuulizwa swali la kifo na yeye, karibu miaka 50 baadaye.

Alichaguliwa kwa kura?

Hapana. Baadhi ya majaji wa majimbo ya Marekani hupigiwa kura na wananchi, lakini wa shirikisho huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Sand aliteuliwa na Jimmy Carter. Wengi wanaopata nafasi hiyo wana maseneta wa kwao wanaowaunga mkono, kwa hiyo siasa zimo tangu mwanzo, na hakuna anayejidanganya kuhusu hilo. Tofauti inakuja baada ya kiapo.

Tofauti gani?

Ibara ya 3 ya Katiba ya Marekani inampa jaji kazi yake maadamu ana mwenendo mwema, na inakataza mshahara wake kupunguzwa. Maana yake ni kwamba hakuna umri wa kustaafu kwa lazima. Kenya jaji anaondoka akifika miaka 70, na Tanzania jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60. Kwa hesabu ya Tanzania, Sand angekuwa amekwenda nyumbani mwaka 1988, mwaka ule ule alioingia kwenye vita vyake vikubwa kuliko vyote. Kesi ya Agosti 7 asingeiona kabisa.

Njia ya kumwondoa ipo: Baraza la Wawakilishi limshtaki, Seneti imhukumu. Katika historia yote ya nchi hiyo majaji wa shirikisho walioshtakiwa hivyo ni 15, na waliotiwa hatiani na kuondolewa ni wanane tu.

Mahakama yenyewe ni ya ngazi gani?

Ni mahakama ya mwanzo kwa kesi za shirikisho, nazo ziko 94 nchi nzima. Uzito wake ulinganishe na Mahakama Kuu ya Kenya au Tanzania, si na mahakama zetu za wilaya. Ya New York Kusini ni miongoni mwa kongwe kabisa: ilikaa kwa mara ya kwanza mwaka 1789, kabla hata ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Ina kesi za benki kubwa za Wall Street, za mafia, za dawa za kulevya, za ugaidi. Jaji hajichagulii kesi, hugawiwa kwa bahati nasibu.

Na tofauti na majaji wa rufaa, wanaoketi watatu watatu na kusoma makaratasi, jaji wa mahakama hii huketi peke yake. Shahidi analia mbele yake, wakili anapiga kelele, mshtakiwa anainuka kwa hasira, naye anatakiwa kuamua papo hapo: pingamizi limekubaliwa au limekataliwa.

Kesi ya Yonkers ilihusu nini?

Yonkers ni mji unaopakana na Bronx kwa upande wa kaskazini. Mwaka 1980, siku za mwisho za utawala wa Carter, Wizara ya Sheria iliushtaki mji huo kwa ubaguzi wa rangi katika makazi na shule kwa pamoja, na chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kikajiunga na kesi. Faili likamwangukia Sand.

Novemba 1985 alitoa uamuzi wa zaidi ya kurasa 600. Sababu ya urefu huo ni kwamba Yonkers haikuwa na sheria yoyote iliyosema Weusi wakae huku na Wazungu kule. Ilichokuwa nacho ni vikao. Kwa miaka 40, kila mpango wa kujenga nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini ulipopendekezwa upande wa mashariki, wakazi Wazungu walijaa ukumbini, wakapiga kelele, madiwani wakanywea, na nyumba zikajengwa kusini magharibi, palepale zilipokuwa nyingine. Hakuna kikao kimoja kinachothibitisha kitu. Ukivipanga vyote kwa mfuatano, eneo baada ya eneo, mwaka baada ya mwaka, ndipo nia inaonekana. Sand alivipanga, kisha akaonyesha kwamba watoto wanaoishi katika mitaa iliyotengwa ndio hao hao wanaosoma katika shule zilizotengwa.

Aliuamuru mji ujenge nyumba 200 za serikali upande wa mashariki, na baadaye nyumba nyingine 800 za ruzuku zichanganywe ndani ya miradi mipya. Mji ukakata rufaa na kushindwa. Januari 1988 madiwani wakakubali mpango wa utekelezaji, sahihi zikawekwa. Ilipofika kupitisha sheria ndogo ya kuutimiza, Agosti 1 mwaka huo, wanne kati ya saba wakapiga kura ya kukataa.

Ndipo zikaja zile faini?

Ndiyo, na hesabu yake ni ya kutisha ukiifanya kwa kalamu. Kwa kosa la kuidharau mahakama, mji ulitozwa dola 100 siku ya kwanza, na kila siku faini ikazidishwa mara mbili. Siku ya pili 200, ya tatu 400. Watu wakacheka. Siku ya nane ni 12,800. Siku ya 15 ni zaidi ya milioni 1.6 kwa siku hiyo moja. Ingeachwa ikimbie mpaka siku ya 22, jumla ingepita dola milioni 400, fedha ambazo mji wote haukuwa nazo kwa bajeti ya mwaka mzima. Madiwani wanne waliokataa walitozwa dola 500 kila mmoja kwa siku kutoka mifukoni mwao, na kuonywa kwamba gereza linafuata.

Mahakama ya rufaa iliweka kikomo cha dola milioni moja kwa siku. Hata hivyo mji ulianza kuandaa orodha za wafanyakazi wa kupunguzwa kazi, maktaba za kufungwa, takataka za kuachwa mitaani. Meya, Nicholas Wasicsko, aliyekuwa na miaka 28 tu alipochaguliwa, aliwasihi madiwani watii ingawa wapiga kura wake wengi walikuwa wamemchagua wakitumaini atapinga. Septemba 1988 wawili wakageuka na kura ikawa tano kwa mbili. Familia za kwanza zilihamia nyumba mpya mwaka 1992, miaka 12 baada ya kesi kufunguliwa. Kesi yenyewe ilimalizwa rasmi mwaka 2007.

Ni kweli Mahakama ya Juu ilimkosoa?

Kweli. Januari 1990, kwa kura tano dhidi ya nne, ilisema alikosea kuwatoza madiwani binafsi. Angeubana mji kwanza na kusubiri aone, kwa sababu mwakilishi anayepiga kura akiwaza mfuko wake mwenyewe anapotosha kazi ya uwakilishi. Faini dhidi ya mji haikuguswa, wala msingi wa hukumu.

Kwa maoni yetu Mahakama ya Juu ilikuwa na hoja, ingawa yeyote aliyefuatilia vikao vya Yonkers anajua kwamba wale wanne walikuwa wanavuna sifa kila siku wanayokataa, huku gharama ikilipwa na mji. Sand aliupokea uamuzi huo kama majaji wa ngazi yake wanavyopokea: uko juu yako, unautii, unaendelea na kesi inayofuata. Mwaka huo huo alipinduliwa tena.

Kuhusu nini?

Ombaomba wa treni za chini ya ardhi. Shirika la usafiri la New York lilikuwa limepiga marufuku kuomba ndani ya vituo na mabehewa. Sand akasema kunyoosha mkono na kueleza shida yako ni namna ya kusema, na kusema kunalindwa na Katiba; akaandika kwamba kipimo cha uaminifu wetu kwa misingi ya Katiba ni jinsi tunavyotambua haki za wale maskini zaidi, wanyonge zaidi na wasiotakiwa zaidi miongoni mwetu. Miezi michache baadaye mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo. Wasafiri wengi wa New York, tusifiche, walifurahi.

Turudi kwetu. Mbona kesi ya mabomu haikusikilizwa Nairobi au Dar es Salaam?

Waliokufa walikuwa wetu kwa sehemu kubwa mno: 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na katika jumla hiyo ya 224 Wamarekani walikuwa 12. Lakini sheria za Marekani zinazipa mahakama zake mamlaka juu ya mashambulizi dhidi ya balozi zake na raia wake popote duniani, na tayari ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan ilikuwa na uchunguzi juu ya Osama bin Laden, kiongozi wa kundi la al-Qaeda, kabla ya mabomu kulipuka. Washukiwa waliokamatwa Kenya walikabidhiwa kwa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, wiki chache tu baada ya mlipuko. Mtu anaweza kuuliza, na wengi Nairobi waliuliza, kama serikali zetu zilipaswa kuachia kirahisi hivyo. Hilo ni swali la serikali zetu, wala halikuwa mbele ya Sand.

Washtakiwa walikuwa akina nani?

Wanne. Mohamed Rashed Daoud al-'Owhali, Msaudi, alikuwa ndani ya lori lililoingia ubalozi wa Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Aliruka na kukimbia kabla ya mlipuko. Mohamed Sadeek Odeh aliishi Pwani ya Kenya akifanya biashara ya samaki, na alikamatwa Karachi siku ile ile ya mabomu akiwa na pasipoti ya bandia. Wadih el-Hage, raia wa Marekani mzaliwa wa Lebanoni, aliishi Nairobi na familia yake na aliwahi kuwa katibu wa bin Laden. Wa nne, Khalfan Khamis Mohamed, ni Mzanzibari. Alisaidia kutengeneza bomu la Dar es Salaam katika nyumba ya kupanga huko Ilala, akakimbilia Cape Town na kufanya kazi kwenye mgahawa mpaka alipokamatwa Oktoba 1999.

Jaji Sand ndiye aliyewatia hatiani?

Siyo, na hapa ndipo wasomaji wetu wengi huchanganyikiwa. Wazee wa baraza tunaowajua Tanzania, na ambao Kenya iliwafuta mwaka 2007, walikuwa wanamshauri tu jaji, naye angeweza kuwapuuza. Juri ya Marekani ni kitu kingine. Watu 12 wa kawaida, labda dereva, mwalimu, karani wa posta, ndio wanaosema ana hatia au hana, na lazima wote 12 wakubaliane. Jaji anaamua ni ushahidi gani wausikie na anawafundisha sheria wanayotakiwa kuifuata.

Kwenye hilo la kuwafundisha Sand alikuwa bingwa anayetambulika. Yeye na wenzake waliandika mkusanyiko wa maelekezo kwa juri ambao majaji na mawakili wa shirikisho wanaufungua mpaka leo: maneno ya kumweleza mtu asiye mwanasheria nini maana ya kula njama, nini maana ya shaka ya msingi, afanye nini na shahidi aliyesema uongo mara moja.

Uteuzi wa juri ulianza Januari 2001 na majina yao yalifichwa kwa usalama wao. Mei 29, siku tano baada ya Sand kutimiza miaka 73, walirudi ukumbini: hatia kwa mashtaka yote 302.

Kwa nini aliwasikiliza sana washtakiwa na mawakili wao, wakati kila mtu alijua walichofanya?

"Kila mtu alijua" ni kauli ambayo mahakama haiwezi kuitumia, na kazi kubwa ya Sand katika kesi hii ilifanyika kabla juri haijaketi. Tutaje mambo mawili, yote yaliyotokea Nairobi.

La kwanza ni maelezo ya kukiri. Al-'Owhali na Odeh walihojiwa na FBI wakiwa mikononi mwa polisi wa Kenya. Walionyeshwa karatasi iliyosema, kwa ufupi, kwamba Marekani wangepewa wakili, ila hapa si Marekani, kwa hiyo hatuwezi kuwahakikishia wakili. Mawakili wakasema maelezo hayo yatupwe. Serikali ikajibu kwamba hawa ni wageni, wamehojiwa ugenini, Katiba ya Marekani haiwahusu. Sand alikataa hoja hiyo ya serikali. Mtu akishtakiwa katika mahakama ya Marekani, alisema, haki ya kutolazimishwa kujitolea ushahidi iko naye mle mahakamani, awe raia au mgeni, na maofisa wa Marekani wanaomhoji ng'ambo wanapaswa kumweleza haki zake kadiri hali ya nchi ile inavyoruhusu. Alifikia hatua ya kuamua kwamba maelezo ya al-'Owhali yasitumike. Waendesha mashtaka wakaomba ushahidi zaidi usikilizwe kuhusu hasa alichoambiwa na lini. Ikaonekana kwamba mwanasheria wa serikali alimfafanulia haki zake kwa mdomo kabla ya mahojiano ya mwisho. Juri ikayasikia maelezo hayo ya kukiri.

Pita haraka hapo utaona jaji aliyeyumba. Tukiisoma kwa utulivu tunaona mtu aliyekuwa tayari kuipotezea serikali ushahidi wake mkubwa kuliko wote, na aliyebadilika kwa sababu ya ushahidi uliowekwa mbele yake.

La pili ni nyumba ya el-Hage jijini Nairobi, iliyopekuliwa Agosti 1997, mwaka mmoja kabla ya mabomu, bila kibali cha jaji yeyote wa Marekani. Safari hii Sand aliipa serikali ushindi. Alisema upekuzi wa kijasusi nje ya nchi, dhidi ya anayeshukiwa kuwa wakala wa dola au kundi la kigeni na ukiidhinishwa na Rais au Mwanasheria Mkuu, hauhitaji kibali kile. Wasomi wa sheria wamebishana naye tangu hapo.

Mbona hakuna aliyenyongwa?

Serikali iliomba kifo kwa wawili, al-'Owhali na Khalfan. Kwa sheria ya shirikisho, kifo kinahitaji wajumbe wote 12 wa juri wakubaliane, na ikishindikana ni maisha bila msamaha. Juri haikukubaliana kwa al-'Owhali mwezi Juni, wala kwa Khalfan mwezi Julai. Katika fomu zao, wengi waliandika kwamba kumuua al-'Owhali kungemfanya shahidi wa dini machoni pa wenzake. Jaji hakuwa na mamlaka ya kuwapita.

Afrika Kusini iliingiaje hapo?

Kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Afrika Kusini imefuta adhabu ya kifo, na Khalfan alikabidhiwa kwa FBI kutoka Cape Town bila ahadi kwamba hatauawa. Mei 28, 2001, siku moja kabla ya juri ya New York kumtia hatiani, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, iliyoko Johannesburg, ilitamka kwamba makabidhiano yale yalivunja katiba, na ikaagiza nakala ya hukumu ipelekwe haraka kwenye mahakama ya Sand. Mahakama ya Afrika kuandikia mahakama ya Manhattan kuhusu uhai wa Mzanzibari si jambo linalotokea kila mwaka.

Adhabu ilitolewa lini?

Oktoba 18, 2001. Tarehe hiyo iseme yenyewe: wiki tano tu zilikuwa zimepita tangu Septemba 11, na mahakama iko mwendo mfupi wa miguu kutoka pale minara ilipoangukia. Watu waliofiwa Agosti 7 walipewa nafasi ya kuzungumza. Wote wanne walipata kifungo cha maisha bila uwezekano wa kutoka.

Wanaouliza kama hasira ya Septemba iliongeza adhabu wakumbuke kwamba juri ilikuwa imemaliza kazi yake tangu Julai.

Waathirika walilipwa?

Sand aliamuru kila mmoja wa wanne alipe takriban dola milioni 33, sehemu kubwa kwa serikali ya Marekani na takriban milioni 7 kwa familia za wahanga. Wafungwa wasio na kitu hawalipi mamilioni, na amri hiyo ilibaki zaidi kwenye karatasi. Fedha zilizokuja kusikika baadaye, dola milioni 335 kutoka Sudan, zilitokana na madai mengine kabisa yaliyofunguliwa Washington, nazo Wakenya na Watanzania wengi waliopata majeraha wamelalamika, kwa haki, kwamba waliachwa nje.

Na Ghailani je? Yeye pia alihukumiwa na Sand?

Hapana. Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari mwingine, alishtakiwa mahakama hiyo hiyo mwaka 2010 mbele ya Jaji Lewis Kaplan, baada ya kupitia magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na gereza la kijeshi la Guantánamo. Juri ilimwona hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja tu, lililotosha kumpa kifungo cha maisha.

Rufaa ya kesi ya Sand iliishaje?

Novemba 2008 mahakama ya rufaa ilithibitisha hatia, na ikakubaliana naye kwamba maelezo yaliyochukuliwa Nairobi yalitumika kihalali. Kuhusu nyumba ya el-Hage ilifika kule kule kwa njia tofauti: ilisema hitaji la kibali haliwafuati maofisa wa Marekani ng'ambo, bora upekuzi uwe wa busara. Adhabu ya el-Hage ilirudishwa ipangwe upya kwa sababu ya mabadiliko ya sheria ya adhabu, na akapewa maisha tena.

Umri ule aliwezaje? Hakuwa amestaafu?

Nusu. Majaji wa shirikisho wana ngazi ya uzee inayofunguka wakifika miaka 65 wakiwa wametumikia miaka 15. Sand alizitimiza zote mbili mwaka 1993, akaichukua. Kiti chake kilipewa mwingine, lakini jaji wa ngazi hiyo anaweza kuendelea kusikiliza kesi, nyingi au chache atakavyo, kwa mshahara ule ule ambao angelipwa hata akikaa nyumbani akivua samaki. Mtu mwenye haki ya kupumzika alikubali kukaa miezi kadhaa na kesi nzito kuliko zote nchini wakati huo.

Hukumu zake naweza kuzisoma?

Unaweza, bila malipo. Maamuzi ya mahakama za shirikisho za Marekani hayana hakimiliki na yamejaa mtandaoni. Kwa mambo ya Nairobi tafuta United States v. Bin Laden, ya mwaka 2000 kuhusu upekuzi na ya 2001 kuhusu maelezo ya kukiri. Ya Yonkers ni United States v. Yonkers Board of Education, ya 1985, na ukiwa na wiki nzima ya nafasi anzia kwenye sehemu ya makazi. Jina la mtaa mmoja mmoja litakuchosha mwanzoni. Usiziruke kurasa hizo.